Mota Isiyotetemeka

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka, na ambalo sijapata wa kulijadili naye, ni hili: tunapomchagulia kitu mtu tunayempenda, tunamchagulia yeye alivyo leo, au tunamchagulia yule tuliyemzoea? Usicheke. Najua utasema nimeanza mihadhara. Lakini swali limenirudia uliponiandikia kwamba mota ya gari la Baba imeungua, na kwamba bila mota Jumamosi zake zimekwisha.

Nakubaliana nawe kuhusu Jumamosi. Mtu aliyesuka upya mota za watu kwa miaka arobaini, akafunga karakana, kisha akampoteza mke, hana sababu nyingi za kuvaa viatu na kutoka nje. Ikiwa kinachomtoa ni kigari cha rimoti chenye urefu wa mkono, kinachoserereka ubavu kwenye sakafu ya lile ghala la zamani la samani waliloligeuza ukumbi wa mbio, basi kigari hicho si mchezo. Nitanunua mota mimi, maana huku maduka ni mengi na chaguo ni pana.

Ninachohitaji kwako ni ukweli kuhusu mkono wake. Nilipokuja Desemba alinipa chai, ikamwagikia kwenye kisahani, akasema kikombe kina mpini mbaya. Nikakubali kwamba mpini ni mbaya. Wote wawili tulijua, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa adabu au woga. Rimoti yake ni ile ya umbo la bastola: kidole kimoja kwenye triga kinaongeza mwendo, mkono wa pili unazungusha usukani mdogo. Je, kidole kile kinaweza kutulia? Mota nitaichagua kulingana na jibu lako.

Tulikubaliana kuandikiana kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno. Basi niandikie mpaka mwisho, nami nitasoma mpaka mwisho.

Dada yako

*

Tarehe 11 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta mota, mara ya pili natafuta swali lilipo.

Mota ni hii: nunua ileile kama iliyoungua. Isiyo na brashi, ya bei ya kawaida, isiyo na sensa, kile kihisio cha ndani. Rangi yoyote. Usiniletee ya kisasa, usiniletee ya mashindano, usiniletee iliyosifiwa na wataalamu wako. Ileile. Baba ameizoea.

Mkono wake kwa kuendesha uko sawa. Chai ni chai na gari ni gari. Jumamosi ya mwisho kabla mota haijatoa moshi alimfuata mshindani wake, Kinyozi, mizunguko sita, pua ya gari lake ikiwa ubavuni kwa gari la mwenzake, bila kugusa. Kinyozi akapiga kelele, kwa jina walilompa Baba ukumbini, "Mzee Koili, shuka kisogoni kwangu, mimi ndiye ninayenyoa watu!" Ukumbi mzima ulicheka. Baba alirudi nyumbani anaimba. Nilipomuuliza anakula nini akasema, "Ninakula Kinyozi." Unamkumbuka lini mara ya mwisho akitania?

Kwa hiyo usiniulize mambo ya kidole. Tuma mota. Nikirudi kutoka zahanati jioni namkuta amekaa na rimoti mapajani kama mtu anayesubiri daktari.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Nimekusoma mpaka mwisho, kama nilivyoahidi, na sijakubaliana nawe. Niruhusu nieleze, kwa sababu sipendi kukupuuza bila sababu.

Mota isiyo na sensa, inapoanza kutoka kusimama, haijui rota yake, ile sehemu inayozunguka ndani, imekaa upande gani. Inakisia. Ndiyo maana gari la Baba lilikuwa likikwamakwama na kutetemeka kabla ya kuchukua mwendo, na kila lilipopunguza kasi kwenye kona. Yenye sensa haikisii. Inaondoka kama mafuta. Kidhibiti mwendo kilichomo kwenye gari tayari kina tundu la waya wa sensa, limekaa tupu miaka yote. Halafu kuna idadi ya mizunguko ya waya, jambo ambalo Baba mwenyewe alitufundisha tukiwa tunakaa chini ya meza yake: mizunguko michache, mota ina pupa, mizunguko mingi, mota ina subira. Nimechagua ya mizunguko kumi na tatu na nusu. Ni ya subira.

Sababu yangu ni hii. Mkono wa Baba unatetemeka, hata ukisema hautetemeki. Mota ya zamani nayo ilitetemeka. Hiyo ni mitetemo miwili. Mmoja siwezi kuuondoa. Mwingine naweza.

Nafundisha takwimu kila siku, na jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi ni kwamba simulizi moja la kufurahisha si ushahidi. Mizunguko sita bila kugusa, kwa mkono niliouona Desemba? Nadhani upendo umekuhesabia vibaya. Silaumu. Mimi pia ningependa kuhesabu hivyo.

Mota imeondoka jana kwa kifurushi. Nimemwandikia Baba moja kwa moja, ili afungue na kuifunga mwenyewe, maana ni kazi yake na itamfurahisha.

Dada yako

*

Tarehe 24 Februari

Dada,

Umemwandikia Baba? Bila kunisubiri?

Mwandikie tena leo. Mwambie dukani wamekosea, mota irudishwe. Mwambie chochote. Nakuomba kama mdogo wako, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Sababu siwezi kuiandika.

Mdogo wako

*

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika kabla ya barua ya mdogo wako kukauka wino, maana nilimwona anaandika kwa hasira na nikajua anakuandikia wewe. Muwe mnapatana.

Nimezungusha shafti kwa vidole. Laini. Sumaku zake zina nguvu, unazihesabu kwa ncha ya kidole zikipita. Karakanani kwangu nusu mzunguko wa waya nisingeukubali, ningemrudisha fundi akahesabu upya, lakini nimesoma karatasi yao na nimewasamehe. Nimeifunga mwenyewe. Skrubu mbili, nyaya tatu nene, na ule mkanda mwembamba wa sensa ambao tundu lake nililiona kwa kioo cha kukuzia. Kazi ya robo saa imenichukua tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Mdogo wako alitaka kusaidia. Nimemfukuza jikoni.

Umechagua vizuri. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa meza yako.

Jumamosi tutaijaribu.

Baba yenu

*

Tarehe 2 Machi

Dada,

Sasa naweza kuandika sababu, maana haina kazi tena.

Tangu Julai Baba hajaendesha lile gari hata mara moja. Nimekuwa nikiendesha mimi.

Julai aliligonga ukutani Jumamosi tatu mfululizo. Ya tatu alivunja mkono wa gurudumu na kuharibu gari la mtu mwingine. Akakaa kwenye benchi, akaniambia, "Wiki ijayo uje na boksi, tufungashe." Wiki hiyo nikaenda kwa Kinyozi, yeye ana rimoti mbili. Tukaunganisha gari na rimoti ya pili, niishike mimi. Ya Baba ikabaki inawaka taa zake zote, ina betri, ina kila kitu, ila gari haliisikilizi. Ukumbini waendeshaji wanasimama kwenye jukwaa nyuma ya ubao unaofika kifuani. Baba mbele, mimi nyuma ya bega lake, mikono yote miwili chini ya sweta. Joto lile, na mimi na sweta. Fundi friji, mmoja wa waendeshaji, akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina mdomo wa kumjibu akiendelea. Tangu hapo hakuuliza tena, na wiki iliyofuata wote walikuwa wanajua. Hakuna aliyesema neno. Miezi saba, watu kumi na wawili, hakuna aliyesema.

Nilijifunza mkono wake wa zamani, Dada. Anavyochelewa kukata kona, anavyopenda kuingia kwa ubavu mapema. Niliendesha kama yeye. Ile mizunguko sita ilikuwa yangu. Sikukuhesabia vibaya.

Na ile mota mbovu uliyoidharau ilikuwa inanisaidia. Kila ilipoondoka ilikwamakwama na kutetemeka, yeye kidole chake kinatetemeka kwenye triga, anatazama gari linatetemeka, anasema, "Leo mkono umeamka vibaya." Kisha gari linachukua mwendo naye anatulia. Alikuwa anajiona mle ndani.

Juzi mota yako ikaondoka kama mafuta. Ulivyosema. Haikutetemeka hata kidogo. Iliondoka imenyooka, ikaingia kona ya kwanza imenyooka, sauti yake kama uzi uliovutwa. Na aliyekuwa akiisikiliza ni mtu ambaye kwa miaka arobaini aliitambua mota yenye kasoro kwa kusimama mlangoni tu. Mimi nilikuwa natazama gari, ndiyo tabia ya dereva, mkono wake sikuutazama. Walioutazama wameniambia aliinua kidole. Akakiweka hewani, mbali na triga, akakiangalia kinavyotetemeka peke yake, huku gari linazunguka. Kisha akailaza rimoti juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nami nikaendelea kuendesha. Nilimaliza kona nzima kabla sijaiona rimoti imelala.

Kinyozi akajaribu, maskini. "Mzee Koili, gari limekuzoea hadi linaenda lenyewe!" Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Baba alipogeuka akawatazama, mmoja mmoja, na kwa jinsi walivyoinamisha macho akajua kwamba kila mtu anajua. Mimi aliniangalia mwisho. Aliliangalia sweta. Akasema, "Vua, utaugua."

Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Hongera. Kila ulichoandika kilikuwa sahihi: sensa, mizunguko, subira. Tukuchapishie cheti?

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa za kujitetea.

Sitakwepa sehemu yangu. Uliniomba mara mbili, nami nikachukua ombi lako kama kosa la hesabu. Nilikuwa na ushahidi mbele yangu, ile mizunguko sita, nikautupa kwa sababu haukulingana na nilichokwisha kuamua. Mwanafunzi akifanya hivyo ninamfelisha.

Lakini nawe nisome mpaka mwisho. Ungeniambia. Sentensi moja tu, "Ninaendesha mimi," ningenunua mota mbovu kuliko zote sokoni. Hukuniambia kwa sababu ulijua nitakachosema, na bado nitakisema: ulimfanya baba yetu asimame mbele ya watu kumi na wawili akishika chombo kilichokufa, akijisifu kwa kazi ya mwingine, nao wakimwonea huruma nyuma ya mgongo wake kila Jumamosi. Yeye ambaye hakuwahi kumrudishia mteja mota aliyoisuka mwanafunzi bila kusema imesukwa na mwanafunzi. Ulimpa furaha, nakubali. Sina hakika ilikuwa yake.

Unasema sikuwepo. Hukuandika hivyo, lakini nimeisoma katika kila mstari, na ni kweli. Ni rahisi kwangu kuupenda ukweli nikiwa mbali na benchi anapokaa. Basi hata hukumu yangu niipime kwa kipimo hicho.

Yukoje?

Dada yako

*

Tarehe 15 Machi

Dada,

Unaniuliza yukoje. Anakula. Anaoga. Jumamosi alivaa viatu, akakaa navyo sebuleni mpaka saa za ukumbi zikapita, akavua.

Kinyozi alikuja kumnyoa hapa nyumbani, ingawa hakuwahi kuja kabla. Alimwomba msamaha na mkasi mkononi. Baba akamwambia, "Nyoa, baba, usinikate sikio." Walipomaliza akamwambia asije tena, atapata kinyozi mwingine. Yule mtu mzima alilia kwenye ngazi zetu, nikamshikia begi lake la vifaa.

Kuhusu furaha kuwa yake au kutokuwa yake, hilo ni neno la mtu aliyeshiba. Mimi nilikuwa namwona akiimba.

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi peke yangu niliyepanga, wewe hukujua. Akaniinulia mkono. Amesema atatuandikia sote wawili karatasi moja, na baada ya hapo hataki mazungumzo. Yuko mezani siku ya tatu. Haniruhusu nimshikie karatasi.

Mdogo wako

*

Tarehe 18 Machi

Wanangu,

Mtanisamehe mwandiko. Nimeandika mwenyewe.

Wewe mkubwa. Mota ni nzuri na sikurudishii. Usiombe radhi kwa kuchagua kitu kizuri. Ila uliichagua bila kuja kunishika mkono ukaupima. Fundi hapimi koili kwa barua.

Wewe mdogo. Umeendesha vizuri. Kona ya tatu ulikuwa unaikata mapema kuliko mimi, na ni bora ilivyo kwako. Sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kusimama na sweta kwenye joto kwa ajili ya baba yangu. Lakini uliwaambia watu kumi na wawili kabla yangu.

Najua mnaulizana mlikosana wapi, na najua mnataka kuniuliza jambo moja, kila mmoja kwa sababu zake. Mdogo anataka kusikia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Mkubwa anataka kusikia kwamba sikujua. Nimewalea, nawafahamu.

Sitasema nilijua tangu lini. Katika mambo yote ya gari lile, hilo pekee limebaki mkononi mwangu, nami nitakaa nalo. Msiniulize mdomoni, msiniulize kwa barua, msimtume mtu.

Gari mpeni yeyote. Liwe na mota yake.

Baba yenu

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Nakala uliyonitumia ninayo hapa mezani. Asili ibaki nawe. Uliyatazama maandishi yakiandikwa, ni haki yako. Nimejaribu kuisoma kama ninavyosoma takwimu za mtu mwingine, kwa ubaridi, nikitafuta mahali anapojisaliti. Kona ya tatu, kwa mfano. Mtu anayeamini kwamba ni yeye anayeendesha anawezaje kuona kwamba kona inakatwa mapema kuliko kawaida yake? Niliposoma hapo nilisimama, nikasema: alijua. Kisha nikafikiri kwamba huenda aligundua baadaye, akiyarudia yote kichwani, amekaa na viatu vyake sebuleni, akiziona upya Jumamosi zile moja baada ya nyingine na kukuona wewe ndani yake. Sentensi ileile inabeba maana zote mbili bila kulemewa. Nadhani aliiandika hivyo kwa makusudi. Sina hakika.

Hapo ndipo nimekwama, na sitajifanya nimetoka. Ikiwa Baba alijua, basi mlikuwa wawili katika jambo lile, wewe na yeye, mkipeana zawadi bila kutamka, naye akisema "Leo mkono umeamka vibaya" ili wewe usione aibu. Mimi ndiye niliyeingia na kifurushi changu nikaivunja adabu ya watu wawili, nikamlazimisha kuacha kujifanya mbele ya watu. Ikiwa hakujua, basi nilimwonyesha, bila kukusudia, jambo ambalo sisi watoto wake tulikuwa na wajibu wa kumwambia ana kwa ana, na wewe ndiye wa kujiuliza. Ni makosa mawili tofauti, mdogo wangu. Moja ni langu, jingine ni lako, na hatujui ni lipi lililotendeka. Kila mmoja wetu anaweza kuchagua lile linalompunguzia mzigo, na nimeona nafsi yangu ikichagua mara kadhaa wiki hii, asubuhi hivi, jioni vile, kulingana na uchovu.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa kazini. Nilitaka kuja, nikae naye, nimshike mkono kama alivyosema, na nadhani nilitaka pia, pembeni, kumuuliza. Nilipogundua hilo la pili nikairudisha barua ya ruhusa. Nitaomba tena siku nitakayoweza kuja bila swali. Sijui itakuwa lini, ninajijua.

Usinijibu ukisema alijua. Usinijibu ukisema hakujua. Mtu mmoja tu anajua, na amekataa kusema, si kwa hasira bali kwa sababu ni chake. Tulimnyang'anya vingine vyote, wewe kwa huruma na mimi kwa usahihi.

Dada yako